Odi ku Kadirisha ya Koo

Pweto, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2024

Kwako Falonne, mujukuu yangu na bibi yangu mudogo wa utani, uliyenikimbia ukaniachia muke mwenzako Perpétue peke yake na mizigo yote ya ndoa,

Jambo sana. Huku tuko. Hatujafa, na wale wenye kufa walikuwa wamechoka wao wenyewe. Kambo yako Perpétue anakusalimia. Magoti inamuuma lakini mudomo iko na afya kamili. Mvua inanyesha kama mbingu ilitoboka, chisense, hizi samaki ndogo, haikauki, inaoza ku mikeka, na harufu yake inaingia mpaka mu kanisa wakati wa sala. Pasteur anasema ni Shetani. Miye najua ni chisense.

Umetuma salamu ya kuuliza kwa nini sijibu simu. Bibi yangu, simu ya muntu mwenye hana sauti ni jiwe. Na kuandika ndani yake siwezi, kidole yangu inagusa alama tatu mara moja. Juzi nilitaka kumuandikia pasteur «Amina», ikaenda kitu kingine, mpaka leo hanipi mukono. Njo maana naandika ku karatasi. Doudou, shofere wa camion ya samaki, atakupatia mu mukono akifika Lubumbashi, kama barabara itamuachilia.

Miye niko muzuri. Kale kadirisha munganga alinitoboa mu shingo kako, na kadude ka plastiki kako ndani, na pumzi inapita pale kama mwizi. Bantu bangali banacheka. Banasema: Ngosa ameuza samaki maisha yake yote, kisha mwiba ya makobo inamuvimbisha koo mpaka anapelekwa Lubumbashi kutobolewa. Chileshe, jirani yangu, anasema samaki ilikata rufaa.

Huyo Chileshe amejifanya mudomo yangu. Ku mukutano ya quartier nilinyanyua mukono kuomba nitoke nikojoe, yeye akasimama akatangaza: «Muzee Ngosa anakubali, na anakubali kwa nguvu.» Sasa niko mu comité ya barabara. Siku sauti itarudi, neno yangu ya kwanza itakuwa tusi ya Chileshe. Naitengeneza kila siku, naongeza na kupunguza. Itakuwa tusi ya kuimbwa.

Kitu kimoja kidogo tu. Zile sonde, mipira nyembamba ya kuvutia makohozi, ulizotuachia zimeisha. Tutumie zingine, na usitupimie kama chumvi. Makohozi yenyewe iko muzuri, siku hizi imepata rangi ya mafuta ya mawese. Perpétue anasema ni alama ya nguvu. Bantu banakuja kuniona kila siku, na bote banaisifu ile pompe yako ya kukanyaga na muguu.

Salimia bagonjwa bako kule ku kazi yako ya uuguzi, réanimation ya bagonjwa mahututi. Nililala ku kitanda kile, najua dari yake kila doa.

Bwana yako wa kwanza,
Ngosa


Lubumbashi, Kampemba, tarehe 9 mwezi wa pili 2024

Kwako Kambo, bwana yangu wa meno ya kuhesabika,

Jambo. Doudou alifika juzi, camion ililala mu matope karibu wiki nzima. Barua yako inanuka samaki mpaka Maman aliiweka inje ku dirisha. Anakusalimia. Courant ya umeme hapa Kampemba inakuja ikitaka, kama mugeni mwenye hatoi habari. Mwambie Kambo Perpétue nimepata ile pomade ya magoti, imo mu kifurushi.

Sonde zimo pia. Lakini, Kambo, zile nilizokuachia zilipaswa kufika mpaka Pasaka. Zimeenda wapi? Mutu mwenye makohozi ya kawaida, mwenye anakohoa mwenyewe na anatembea mpaka ku mukutano ya quartier, anavutwa mara chache. Kuna siku inaweza kupita bila kuvutwa hata kidogo.

Na ile rangi ya mawese si nguvu. Ni damu. Niambie kweli: nani anakuvuta, na anakuvuta namna gani?

Habari ingine ni nzuri. Munganga wa koo, ule mwenye hatukumupata wakati ulitoka hospitali, atakuja hapa Lubumbashi mwezi wa sita, wiki moja tu. Nimekuandikisha. Ataangalia, na kama uvimbe umekwisha, atatoa canule, kale kadude, na kufunga kadirisha. Utasema tena. Lakini kama ndani kumekwaruzwa na damu inatoka, hatakugusa, atakurudisha Pweto na kadude kako, na hatujui atarudi lini. Kwa hiyo hii si mambo ya kucheka.

Usiniambie «niko muzuri». Niambie nani.

Mujikulu wako,
Falonne


Pweto, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Kwako bibi yangu mukali, polisi wa makohozi,

Jambo na jambo tena. Pomade imefika. Perpétue alijipaka magoti, shingo na hata paji la uso, sasa anang'aa kama gari ya gouverneur na usiku anateleza mu kitanda. Mbuzi ya Chileshe imezaa. Paa ya kanisa imevuja pale pale juu ya kiti ya pasteur, na miye sikusema kitu, juu ya kukosa sauti.

Unauliza nani ananivuta. Mwanangu, uliza nani hanivuti.

Wewe umekuwa muntu wa Lubumbashi, umesahau. Huku kwetu muntu hafiki ku mugonjwa mikono mitupu, na hatoki bila kumusaidia. Mugonjwa wa malaria unamupepea. Mwenye kuvunjika muguu unamusogezea kiti. Sasa miye, kazi ya kunisaidia iko moja tu, ni pompe. Muntu anafika, anaweka samaki yake chini, anauliza habari, kisha anasema: «Perpétue, na miye nimuvute kidogo.» Utamukatalia? Atatoka hapo aseme Ngosa anabagua. Shemeji yako wa kule ku bandari alinuna wiki mbili, kwa sababu yeye alivuta mara moja na Chileshe alivuta mara mbili. Chorale, kwaya ya bamama ya kanisa, ilikuja yote siku ya dimanche. Unaelewa mwenyewe. Bale bamama wako wengi na wako na miguu ya nguvu.

Miye nafunga macho, nawaachia. Kabla ya kadirisha hii hakuna mwenye alikuwa anakuja kunitembelea, juu nilikuwa namutukana kila muntu mulangoni. Sasa nyumba imejaa. Mugonjwa bubu iko mugonjwa mutamu.

Ku mambo ya mwezi wa sita: hapana. Mwezi wa sita samaki kabambale iko mingi, na ule muntu wa kununua anaiba kama simuangalii. Tena kule réa kuna ule infirmier, muuguzi mwenye mukono ya nyundo, mwenye anaingiza sonde kama anazibua tuyau ya choo. Ningekuja kama ni mukono yako tu yenye inaniingia mu koo. Ya mwingine hapana. Andika vile mu karatasi zenu.

Lakini sasa na miye nakuuliza. Mbele ulikuwa unanisimulia bagonjwa mpaka nawajua: ule mwenye kuota anauza mikate, ule mama wa kuhesabu na bidole. Barua yako ya sasa ina pomade, ina courant, ina munganga. Bagonjwa hawamo hata mumoja. Wamepona bote?

Bwana yako,
Ngosa


Lubumbashi, tarehe 2 mwezi wa ine 2024

Kambo,

Jambo. Maman iko muzuri, nyumba iko muzuri, bote tuko muzuri.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa. Chorale, Kambo? Chorale nzima?

Sikiliza sasa, na barua hii umupatie Chileshe aisome kwa sauti mbele ya kila mugeni. Kama anapenda kuwa mudomo, awe mudomo ya maana.

Makohozi haivutwi kwa upendo. Inavutwa wakati iko. Ukisikia inachemka mu kadude kama maji mu sufuria, au ukiona pumzi inapita kwa shida, vuta. Kama pumzi iko kavu na nyepesi, uache muntu. Nyama ya ndani ya koo iko laini kama ulimi. Kila mara sonde inapita bila sababu, inaikwaruza, na koo yenye kukwaruzwa inatoa makohozi zaidi, na ninyi munasema «tuvute tena». Mukiendelea vile mutamumaliza huku munamupenda.

Mwenye kuvuta aoshe mikono na sabuni. Si maji ya kupitisha tu. Mukono yenye ilikuwa inashika chisense, hapana. Mbele ya kuingia, Kambo avute pumzi kubwa kidogo, ajaze kifua. Sonde inaingia bila kuvuta, taratibu, na haiendi mbali: ikigusa ndani mumepita. Muguu inakanyaga pompe wakati wa kutoka tu, na bidole inazungusha sonde pole pole. Mwenye kuvuta azuie pumzi yake mwenyewe tangu anaingia. Akiona na yeye anataka kupumua, Kambo alikwisha kutaka zamani. Atoke. Musimwage maji wala serum ya chumvi ndani ya kadirisha, hata kama mwingine atawaambia inalainisha. Haimulainishi, inamuzamisha.

Na kitu cha mwisho, na hiki usikicheke. Aseme odi. Unajua vile nilikuwa nafanya. Koo ya muntu ni nyumba ya muntu. Aseme odi, angoje ufunge macho na kuyafungua. Kama hukufunga macho, hakuna mwenye anaingia.

Ku réa kuna bainfirmière bengine, wako na mikono mizuri kuliko yangu. Utakuja mwezi wa sita. Doudou atakuwekea nafasi mbele, si juu ya mifuko.

Falonne


Pweto, tarehe 30 mwezi wa ine 2024

Kwako bibi yangu,

Jambo. Perpétue anakusalimia, mbuzi inakusalimia. Ile shamba ya muhogo nyuma ya nyumba imeliwa na nguruwe ya pasteur, na Chileshe, akiwa mudomo yangu, alimusamehe mbele ya kanisa nzima. Miye nilikuwa natikisa kichwa mpaka shingo inalia. Yeye akasema: «Munaona? Analia kwa furaha.»

Sheria yako imesomwa. Chileshe aliisoma akiwa amesimama ku kiti, na akaongeza maneno yenye hukuandika, hata mustari mumoja ya Biblia. Sasa yeye anakaa mulangoni na kisahani ya sabuni. Mugeni anafika, anaoshwa kama anaenda kubatizwa. Kisha anapewa mutihani: «Umesikia inachemka?» Kama haikuchemka, anarudishwa ku kiti aongee habari tu. Bantu wamekasirika kweli. Shemeji yako alisema nimefungua ambassade ya kuombea visa.

Siku moja ilichemka kweli, na zamu ilikuwa ya kiongozi wa chorale. Akasema odi, nikafunga macho, akaingia. Lakini alisahau: badala ya kuzuia pumzi yake akaanza kuimba, juu ile wimbo ndiyo anahesabia muda. Perpétue akamupiga mukono na mwiko. Sasa ni Perpétue peke yake mwenye ananivuta, na wageni wanamuangalia kama match ya mpira. Rangi ya mawese imekwisha. Makohozi iko nyeupe kama ugali ya nshima. Nasema hivi usije ukasema nilificha.

Sasa na wewe acha kuficha.

Ile barua yangu ya mwezi wa tatu, Doudou aliipeleka kule ku réa, akifikiri atakukuta ku kazi. Wakamuambia: «Falonne hayuko hapa tena, iko anaandika makaratasi ya douane ku mupaka ya Kasumbalesa, kwa bwana Kasereka mwenye ma camion.» Doudou hakutaka kukuumiza, akaiacha kwenu Kampemba bila kusema. Lakini Doudou na siri ni kama kapu na maji. Nilijua kabla ya jibu yako. Nikakuachia nafasi useme mwenyewe, ukaniandikia «bainfirmière bengine wako na mikono mizuri».

Sikukasirika. Kasumbalesa pia kuna bantu wenye hawapumui, nimeona ile foleni ya ma camion. Lakini nataka kukuambia kitu, na leo sichezi.

Unakumbuka ule shofere wa kitanda ya karibu na yangu, mwenye kifua ilipondwa mu ajali. Ile siku ya courant kukatika, mchana, jua kali. Ventilateur ya dari ilizunguka kidogo ikasimama. Aspirateur, ile mashini ya kuvuta makohozi, ikanyamaza. Mwenzako akakimbia ku groupe, ile jenereta, ikakataa kuwaka. Wewe ulibaki na ule muntu, makohozi inachemka ndani yake mpaka miye naisikia, na ukachukua serenge kubwa, bomba ya sindano, ukaifunga ku sonde, ukaanza kuvuta na mukono.

Ulifikiri nimelala. Miye nilale mu kelele kama ile?

Nilikuona. Kila mara mbele ya kuingia ulisema odi. Ule muntu macho yake ilikuwa imekwisha kuacha kujibu, na wewe ulisema tu odi, ukangoja kidogo, ukaingia. Odi, ukangoja, ukaingia. Mpaka mwenzako akakushika bega.

Ningekuwa na sauti siku ile, ningekuitikia miye. Ningesema karibu, kwa niaba yake, usibaki mulangoni peke yako vile. Nilifungua mudomo. Ilitoka upepo ku shingo.

Njo maana nasema mukono yako au hakuna. Sasa umejua.

Ngosa


Kasumbalesa, tarehe 21 mwezi wa tano 2024

Kwako Kambo,

Jambo. Barua yako ilinifuata mpaka hapa mupakani, imepita mikono mingi, mumoja kati yao alikuwa anakula beignet. Niko ku bureau, inje ma camion yamepangana mpaka mwisho wa macho, na mashofere wanapika nshima chini ya remorque. Kazi yangu ni muhuri na karatasi. Karatasi ikikataa, unaandika ingine. Hakuna mwenye anakufa ku mukono yangu. Bwana Kasereka ni muntu muzuri, anasali mbele ya kufungua bureau.

Sikujua kama uliniona. Nimeisoma barua mara nyingi. Mwenzangu wa bureau aliniuliza kama nimefiwa.

Kambo, usifikiri kule hatujui. Tulisoma bote. Ukitupatia mutihani tutajibu yote: vuta kama iko, mupatie oxygène mbele, usikawie ndani, usimwage serum. Kisha unageuka ku kitanda. Sonde ni moja ya kutwa, unaiosha unairudia. Aspirateur ni moja kwa bote. Courant hujui itakaa mpaka lini. Basi mikono inajifunza sheria yake ingine: vuta bote sasa, mwenye iko nayo na mwenye hana, haraka, juu ukimupita huyu sasa, labda mashini haitawaka tena akikuhitaji. Ule unamuita mukono ya nyundo, yeye njo alinifundisha kufunga serenge ku sonde. Si muntu mubaya. Ni muntu mwenye anaogopa courant.

Kesho yake ya ile siku nilifika ku kitanda ingine nikasema odi, na mukono yangu ikakataa kuingia. Ikabaki hewani. Nikajaribu kesho yake tena. Hakuna mwenye alinifukuza. Nilingoja urudi Pweto, kisha niliomba mwenyewe kutoka.

Hii njo kweli yangu. Sasa toa yako.

Kabambale haina neno mwezi wa sita, na ule munuzi amekuibia miaka yote, umezoea. Na usinitumie miye kama kisingizio. Unataka mukono yangu kwa sababu unajua haipo. Vile hautakuja, na haitakuwa kosa yako. Kambo, unaogopa nini?

Falonne


Pweto, tarehe 1 mwezi wa sita 2024

Bibi yangu,

Jambo. Doudou anawasha camion, ananipigia honi, basi sitakuuliza habari za nyumba.

Sawa. Umenivuta bila odi, na umetoa yote.

Kadude kakiwa ku shingo, sisemi kwa sababu ya kadude. Kila muntu anajua. Wakikatoa na nisiseme, basi ni miye njo nimekwisha. Munganga atafunga kadirisha, ataniambia «sema, muzee», na kama hakuna kitu, nitakuwa muzee wa kutikisa kichwa mpaka kaburini, Chileshe akinisemea mpaka ku mazishi yangu. Atasema nilikubali.

Kama utakuwa kule, nitapanda camion.

Ngosa


Kasumbalesa, tarehe 6 mwezi wa sita 2024

Panda. Nimeomba ruhusa kwa bwana Kasereka. Sijui kama mukono itakubali, lakini itakuwa kule.

Falonne


Pweto, tarehe 12 mwezi wa saba 2024

Kwako Falonne, mwizi,

Jambo kwako na kwa Maman yako, umushukuru kwa ile bouillie ya uji, ilikuwa na sukari ya kufufua. Tumefika salama. Perpétue alinipokea mulangoni akalia, kisha akaniomba niseme kitu, nikasema, akaniambia sauti yangu ya zamani ilikuwa mbaya na hii ni mbaya zaidi. Ni kama chura mwenye amekula mchanga. Watoto wa jirani wanakuja kuisikia. Shamba, nguruwe, mbuzi, yote iko kama ulivyosikia mara ya mwisho, ila sasa pasteur amepata maoni yangu juu ya nguruwe, kutoka ku mudomo yenyewe.

Naandika kukushitaki.

Unajua miezi yote ile nilikuwa natengeneza tusi ya Chileshe. Ilikuwa na mwanzo, ilikuwa na katikati, mwisho wake ilikuwa inamufikia mpaka babu yake. Hiyo njo ilikuwa neno yangu ya kwanza. Wewe umeiiba, na nitasema namna gani, juu nafikiri mwenyewe hujui.

Siku ya kwanza, mbele munganga hajaja, makohozi ilinichemka kule ku salle. Ulikuja na sonde. Nikaona umeosha mikono mara mbili. Ukasema odi, na miye sikufunga macho mara moja. Bengine watasema nilikutania. Hapana. Nilitaka ukae pale mulangoni kidogo, uone kama hakuna mwenye anakufa wakati unangoja. Kisha nikafunga macho. Ukaingia. Bibi yangu, sikusikia kitu. Nyembamba kama wazo, na kutoka. Nikajua mukono imerudi, lakini sikukuambia, ungejivuna.

Kisha munganga akaja, akachungulia, akatoa kadude, akaweka pansement ku kadirisha, akabonyeza na kidole. «Sema, muzee.» Upepo. «Sema tena.» Upepo. Akasema tungoje, inaweza kuchukua siku, na inaweza pia kukataa. Uliona uso yangu. Ulitoka inje kidogo, na uliporudi macho yako ilikuwa nyekundu, ukasema ni vumbi. Vumbi mu salle ya réa!

Nikalala vile, siku zikapita, nageukia ukuta. Sikujaribu tena. Muntu hawezi kugonga mulango kila siku ya nyumba yenye labda haina bantu.

Sasa ile mchana. Courant ilikuwa imekatika, groupe inakohoa tu. Wewe ulikuja kuniona na nguo zako za Kasumbalesa, ukanikuta nimegeuka. Na ku kitanda ingine, ule mama mwenye tuyau mu mudomo, ikaanza kuchemka. Mukono ya nyundo alikuwa anamupatia muntu mwingine pumzi na ballon, hawezi kuacha. Akakuangalia tu. Ukaenda kuosha mikono.

Nilisikia serenge inafungwa ku sonde. Ile sauti ndogo naijua. Nikageuka. Nikakuona umeinama pale pale, vile vile, jua ile ile. Ule mama alikuwa mu usingizi ya dawa, hawezi kufunga macho wala kuyafungua. Ukasema: «Odi.»

Na ukangoja. Na hakuna mwenye alijibu. Na mukono yako ikasimama hewani.

Nikasikia: «Karibu.»

Naapa, nilitafuta ni nani. Nilifikiri ni groupe. Ilikuwa miye. Ilipita kwa njia yake ya zamani, imejaa kutu, na ikafika.

Na sasa kitu chenye nakusifia, kisha nitaacha, usizoee. Haukugeuka. Muntu mwingine angeacha ule mama, akanirukia na machozi. Wewe uliingia, ukatoka na sonde inazunguka pole pole, vile ulituandikia, ukangoja, ukasema tena odi, na miye nikasema tena karibu, mpaka ule mama pumzi yake ikawa nyepesi. Kisha ukaosha mikono. Kisha njo ukaja kunilowesha shuka na machozi yako.

Basi neno yangu ya kwanza imeenda. Chileshe nilimutukana nilipofika hapa, lakini tusi ya pili haina ladha. Alilia kwa furaha, mujinga yule, akanikumbatia, na anakataa kutoka mulangoni na kisahani yake ya sabuni.

Doudou ananiambia kule sasa hata mukono ya nyundo anasema odi, lakini hangoji jibu. Umufundishe kungoja. Ku bwana Kasereka natuma kabambale mbili, munene na munene zaidi, za kumuomba radhi, juu nafikiri anatafuta muntu mwingine wa muhuri. Kama nimekosea, azile tu.

Ku bahasha sikuandika Kampemba, wala Kasumbalesa. Nimeandika jina yako, na chini yake: réanimation. Doudou atafika pale mulangoni na barua na samaki, na nimemukataza kuingia hivi hivi kama mu gare ya mabasi. Atasimama inje aseme odi, na atangoja wewe.

Bwana yako wa kwanza, mwenye sauti ya chura,
Ngosa